Kijana Wangu Yumo Kwenye Kila Mchezo: Achague Mmoja?

SWALI: Shikamoo kocha. Nafundisha sekondari ya kata wilayani Chamwino, na michezo nasimamia mimi. Nina mwanafunzi wa kidato cha tatu, miaka 17, sijui nimweke wapi. Mita 100 anakimbia sekunde 11.4 kwa stopwochi, 400 anakimbia 53.5, na 1500 dakika 4:50. Kuruka chini (kwa umbali) mita 6.40, kuruka juu 1.75. Tufe la kilo tano analifikisha 10.20, mkuki wa gramu 700 mita 48. Hakuna anachoongoza mkoani, lakini hakuna anachoachwa mbali. Wenzangu wanasema achague mmoja, maana mshika mawili moja humponyoka. Nimesikia habari za Daley Thompson wa Uingereza, bingwa wa michezo kumi. Alikuwa nani, alianzaje, na maisha yake yana lolote la kumfaa kijana wa huku kwetu?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umeniletea kijana wa aina ninayoipenda, na umeniletea methali ninayotupiwa kila nikitaja dekathloni, yaani hiyo michezo kumi. Mshika mawili moja humponyoka, sawa. Thompson alishika kumi, na kwa karibu miaka tisa hakuna aliyemshinda. Nianze naye, kisha nirudi kwa kijana wako na kalamu mkononi, kwa sababu hizo namba zako zinasema mengi kuliko unavyodhani.

Jina lake kamili ni Francis Morgan Ayodele Thompson. Hilo "Daley" limekatwa kutoka Ayodele, jina la Kiyoruba lenye maana ya furaha imefika nyumbani. Baba alikuwa Mnigeria, mama Mskoti, naye akazaliwa London, mtaa wa Notting Hill, tarehe 30 Julai 1958. Furaha yenyewe haikukaa sana hapo nyumbani. Mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Sussex angali mdogo, na baba yake akauawa kwa risasi kabla kijana hajafika umri wa sekondari ya juu. Mapenzi yake yalikuwa mpira wa miguu. Riadha aliingia kama mkimbiaji wa mbio fupi tu, na ni kocha mmoja aliyemtazama akasema huyu ajaribu dekathloni. Mwaka 1975, hajatimiza miaka 17, akashiriki kwa mara ya kwanza mjini Cwmbran, Wales, akashinda.

Nyumbani mama hakuona mkate kwenye mambo hayo. Alimpa mambo mawili: atafute kazi au atoke. Kijana akatoka, akapokelewa na rafiki wa mama yake aliyekuwa akimwita shangazi. Nalitaja hili mapema kwa sababu mzazi wa kijana wako atakuuliza swali hilo hilo, na hatakuwa amekosea kuuliza.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe: ni siku mbili. Siku ya kwanza mita 100, kuruka chini, tufe, kuruka juu, na jioni mita 400. Siku ya pili mbio za kuruka viunzi mita 110, kisahani, upondo (kuruka juu kwa fito ndefu), mkuki, halafu mita 1500 miguu ikiwa haitaki tena kusikia habari ya kukimbia. Ushindi hauhesabiwi kwa nafasi. Kila matokeo hugeuzwa pointi kwa jedwali, pointi zinajumlishwa, basi. Unaweza kushika nafasi ya nne kwenye michezo yote kumi ukawa bingwa. Ila ukikataa hata kuanza mchezo mmoja, umetolewa.

Mwaka 1976 Thompson alikwenda Olimpiki ya Montreal akiwa mtoto. Siku ya pili ya mashindano yake ndiyo siku aliyotimiza miaka 18. Alimaliza wa 18. Sisi hatukuwepo. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo ile, na Filbert Bayi aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, 3:32.16, alibaki nje. Wengine tulikuwa shule wakati huo na tulilia. Nasema hivi ili uone kwamba mtu anaweza kuwa na kila kitu asipate siku, na mwingine akapata siku akiwa bado hana kitu, akaitumia kutazama wakubwa wanavyofunga viatu.

Miaka miwili baadaye, Edmonton nchini Kanada, Thompson akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Mshindi wa mbio ndefu za michezo hiyo hiyo, marathoni, alikuwa Mtanzania, Gidamis Shahanga. Mwezi huo huo wa Agosti Thompson akapata medali ya fedha ya Ulaya kule Prague, na hiyo ya Prague ilimuuma kweli. Baada ya hapo hakushindwa tena dekathloni mpaka mwaka 1987. Dhahabu ya Olimpiki Moscow 1980 aliichukua bila Wajerumani Magharibi, waliokuwa wamesusia, na mmoja wao, Guido Kratschmer, alikuwa ameshampokonya rekodi ya dunia mwaka huo. Wapo waliosema medali ile ni nyepesi. Moscow ndiko Bayi na Suleiman Nyambui walikotuletea fedha mbili, na sijasikia mtu Dodoma akisema zile ni nyepesi.

Halafu akaja Jürgen Hingsen. Mjerumani, urefu mita mbili, umbo kama sanamu. Thompson hata 1.90 hafiki. Kati ya 1982 na 1984 watu hao wawili walipokonyana rekodi ya dunia kama watoto wanavyonyang'anyana embe. Hingsen akawa anaondoka nayo tena na tena, lakini wakikutana uwanja mmoja, Thompson anashinda. Kila mara. Kufika 1983 Thompson alikuwa anashikilia kwa pamoja ubingwa wa Olimpiki, wa dunia, wa Ulaya na wa Jumuiya ya Madola, na mwenye rekodi ya dunia ni Hingsen. Jaribu kuwaza usiku wa huyo Mjerumani ulikuwaje.

Sasa nikupeleke Olimpiki ya Los Angeles, Agosti 1984, siku ya pili, kwenye duara la kisahani. Hapa ndipo jibu lako lilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku ya kwanza Thompson alikuwa ameruka chini 8.01 na kukimbia 400 kwa 46.97. Anaongoza vizuri. Lakini kisahani hakikuwa mchezo wake, na cha Hingsen kilikwenda mita 50.82. Kila mtu ana mitupo mitatu tu. Wa kwanza wa Thompson ukawa hovyo. Wa pili ukaanguka mita 41 na ushei. Kwa jedwali la leo hiyo ni pointi kama 690, na kwa pointi hizo Hingsen angempita. Akabaki na mtupo mmoja. Fikiria: miaka minne ya maandalizi, na kilichobaki ni kuzunguka mara moja na nusu ndani ya duara la kipenyo cha mita mbili na nusu, bila kukanyaga ukingo, na mkono usikaze. Waliotupa kisahani wanajua kwamba ukikaza mkono ndio umekwisha, kinatoka kimeinama kama sahani iliyomponyoka mama jikoni. Kilitoka kimelala. Mita 46.56, pointi 799. Kutoka 690 hadi 799 kwa mtupo mmoja, kwenye mchezo asioupenda.

Kilichofuata kilikuwa upondo. Hingsen alikuwa anaumwa tumbo, anatapika, akakwama 4.50. Thompson akapita mita 5.00, na alipotua kwenye godoro akapiga sarakasi ya kurudi nyuma kwa furaha. Mashindano yaliishia pale. Mkuki 65.24. Kwenye 1500 alijua tayari ni bingwa, akalegeza mwishoni, akamaliza 4:35.00, na ubao ukaonyesha amekosa rekodi ya dunia ya Hingsen kwa pointi moja. Moja! Ingekuwa mimi nisingelala. Yeye alisimama jukwaani akapiga mluzi wakati wimbo wa taifa lake unapigwa, na Waingereza wengi wakakasirika. Mwaka 1986 picha ya mstari wa mwisho wa viunzi ilipotazamwa upya ikaonekana alistahili 14.33, sehemu moja ya mia pungufu, na pointi ile ikarudi. Kwa jedwali jipya, lililoanza kutumika 1985, jumla yake ni 8847, na hiyo ilikaa kileleni mpaka Dan O'Brien wa Marekani alipopata 8891 mwaka 1992.

Nimeyapiga mahesabu yale yote kumi mwenyewe, kwa mkono, jioni moja umeme umekatika: 989, 1063, 834, 831, 960, halafu 932, 799, 910, 817, 712. Tazama mtiririko huo vizuri. Mkubwa kabisa ni kuruka chini. Mdogo kabisa ni 712 wa mita 1500. Hakuna hata mmoja ulioshuka chini ya 700. Markus Rooth wa Norway alichukua dhahabu Paris 2024 kwa 8796, na Leo Neugebauer wa Ujerumani akawa bingwa wa dunia Tokyo 2025 kwa 8804. Zile za 1984 zingewapita wote wawili, ingawa haki isemwe: mkuki wa wakati ule ulikuwa wa muundo wa zamani uliopaa mbali zaidi, ulibadilishwa mwaka 1986.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Kwenye ubingwa wa dunia wa Roma 1987 alikuwa majeruhi, akamaliza wa tisa. Olimpiki ya Seoul 1988 upondo ulimkatikia mikononi, na bado akaendelea, akamaliza wa nne kwa 8306, pointi 22 nyuma ya shaba. Pointi 22 ni kama sekunde tatu na nusu za mita 1500. Na Hingsen? Aliondolewa asubuhi ya siku ya kwanza, mbio za mita 100, kwa kutoka mara tatu kabla ya mlio. Thompson aliachana na mashindano mwaka 1992, akarudia mpira wake wa utotoni, kidogo kama mchezaji, zaidi kama mkufunzi wa viungo kwenye klabu za Uingereza.

Watu hupenda kusimulia jinsi alivyofanya mazoezi mara mbili siku ya Krismasi, kwa sababu alidhani wapinzani watafanya mara moja au wasifanye kabisa. Ni kweli amelisimulia mwenyewe, lakini naomba usiligeuze hubiri la paredi. Kijana wako Krismasi akale pilau na wazazi wake.

Tuje kwake. Kwa hizo saa za stopwochi, ongeza sekunde 0.24 kwenye mita 100 na 0.14 kwenye 400, maana kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza mwanzo. Basi 11.4 inakuwa 11.64, pointi 723. Kuruka chini 675. Tufe 498. Kuruka juu 585. Mita 400 ni 655. Mkuki 559. Mita 1500 ni 619. Jumla 4314, kwa michezo saba. Mitatu iliyobaki, viunzi, kisahani na upondo, ni sifuri, kwa sababu hujawahi kumfundisha, na sikulaumu.

Wenzako wanasema achague mmoja, tuseme mita 100. Haya, tufanye mmemnoa mwaka mzima, mkamshusha sehemu tatu za kumi, kazi isiyo ndogo. Pointi 723 inakuwa 786. Mmevuna 63. Mchukue kijana huyo huyo, mfundishe kisahani mpaka kifike mita 28, umbali ambao msichana mwenye mkono mzuri anaufikisha. Pointi 425. Viunzi akivipita kwa sekunde 17.0, jambo ambalo kijana wa 11.64 aliyeruka 6.40 analiweza ndani ya miezi sita, ni 624. Bado sijagusa upondo na ameshavuka 5300.

Mchezo huu unalipa zaidi kufukia mashimo kuliko kuongeza kilima. Thompson alikuwa na vilima, sikatai, 8.01 si mchezo, lakini siku ile ya Los Angeles aliokolewa na shimo alilokuwa amelifukia: kisahani. Kijana wako ana sura ya mtu wa namna hii. Mtoto anayeongoza mkoa kwa mita 100 kwa kawaida hawezi 1500 kwa 4:50. Na anayeongoza 1500 hawezi kuruka 6.40. Hao wawili wakikutana mwilini mwa mtu mmoja, mwalimu hapaswi kuwatenganisha mapema.

Kabla hujashangilia, nina mashaka na namba zako mbili. Ya kwanza ni 11.4. Ilipimwa mwezi gani? Kama ni Julai, na mlikimbia kuelekea upepo unakokwenda, ule upepo wa Dodoma unaoinua vumbi na mifuko ya nailoni, basi sehemu mbili au tatu za kumi ni zawadi ya upepo. Mpime tena mkigeuza upande. Ya pili ni mkuki. Vijana wa huku waliochunga ng'ombe wana mkono. Wametupa fimbo tangu wakiwa na miaka sita, na mita 48 hainishangazi. Lakini fimbo ya kuchungia hutupwa mkono ukipita ubavuni, na mkuki ukitupwa hivyo kiwiko kinalipa gharama ndani ya misimu miwili. Mkuki hupita juu ya bega, kiwiko kiko juu, nyonga imetangulia kufunguka. Mwambie afikirie anapiga kamba ya ng'ombe juu ya kichwa, si kumtupia jiwe mbwa. Mwanzoni atashuka mpaka 42, atanuna. Vumilia.

Viunzi usinunue. Chukua bakora nyepesi, ziweke juu ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa, anza na urefu wa goti. Ikiguswa idondoke yenyewe, ndiyo maana nasema bakora na si ubao. Kiunzi cha kwanza kiko mita 13.72 kutoka mstari wa kuanzia, na kati ya kiunzi na kiunzi ni 9.14, ila wewe anza na mita saba na nusu ili apate mdundo wa hatua tatu, moja mbili tatu juu, moja mbili tatu juu. Mdundo ukishaingia masikioni, ongeza nafasi kidogo kidogo, halafu ongeza urefu, mpaka sentimita 91.4 ambazo ni za umri wake. Vya wakubwa ni 106.7, hivyo visubiri. Wagogo mna bahati na hili. Kijana aliyecheza ngoma ya muheme anaelewa mdundo kabla hujamaliza kueleza.

Kisahani, nenda kwa fundi seremala akuchongee cha mninga, azungushie pete ya chuma, mkipime kwenye mizani ya duka mpaka kifike kilo moja na nusu. Chora duara kwa majivu. Miezi miwili ya kwanza atupe akiwa amesimama, asizunguke kabisa. Na tafadhali weka mtu wa kuzuia njia. Kwenye uwanja mmoja wa shule, nisioutaja, nilishuhudia kisahani kikimkosa mbuzi kwa shibiri moja, na mwenye mbuzi alikuwa na maneno mengi kuliko mbuzi mwenyewe.

Upondo nakukataza. Nasema hivi kama mtu aliyevunjika mkono. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikata mwanzi mrefu mtoni, tukaukausha, tukachimba kishimo cha kuuchomekea, na upande wa pili tukarundika mchanga na magunia ya pumba. Mara ishirini ulikubali. Ya ishirini na moja ulipasuka kwa urefu, ukafunguka kama mdomo wa mamba, mimi nikiwa juu karibu mita tatu. Magunia yalikuwa kushoto. Mimi nilikwenda kulia. Mkono huu mpaka leo ukibadilika hali ya hewa unanipa taarifa kabla ya redio. Thompson alikatikiwa na upondo wa kiwandani mbele ya madaktari na godoro nene kuliko kitanda cha mtu. Wewe huna hayo. Mpandishe kamba kwenye mti, mfundishe kutembea kwa mikono na sarakasi za chini, akimbie na fito ya mita tatu na kuuchomeka mchangani bila kuondoka ardhini. Siku akifika mahali penye godoro na kocha, mwili utakuwa tayari, na hata mita 2.60 tu zitampa pointi 264.

Mita 1500 usiidharau kwa kuwa ni ya mwisho. Kila sekunde pale ni pointi kama sita. Akitoka 4:50 akafika 4:35, anapata 93, nyingi kuliko zile 63 za mita 100 mlizotaka kumpigania mwaka mzima. Na huku katikati ya nchi, mazoezi hayo ni barabara ya vumbi na alfajiri tu.

Sasa la mama yake Thompson: kazi au utoke. Sitakudanganya. Hapa kwetu dekathloni haina mkate. Katika miaka yangu yote ya kusimamia riadha za shule sijaona ikichezwa hata mara moja. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, itamtaka kwa mchezo mmoja au miwili, na mpeleke kwa hiyo, kuruka chini na 400 nadhani. Ukitaja mabingwa wa ukanda huu, wote ni wa barabarani. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alichukua fedha ya marathoni Brisbane 1982, michezo ile ile Thompson aliyotetea dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola, na New York akashinda mwaka 1989 kwa 2:08:01. Alphonce Simbu wa Singida ndiye bingwa wa dunia wa marathoni wa Tokyo 2025, alimpita Mjerumani kwenye mstari wa mwisho kabisa. Marathoni ina zawadi za fedha, ina mawakala, na majeshi yetu yanaajiri wakimbiaji. Bara zima la Afrika, rekodi ya dekathloni ni 8521 ya Larbi Bouraada wa Algeria, aliyoipata Olimpiki ya Rio 2016 akamaliza wa tano. Hizo njia nyingine hazijafunguliwa huku.

Kwa hiyo mbele ya mzazi usiseme "atakuwa bingwa wa dunia." Sema kwamba vyuo vikuu vya Marekani vina nafasi za masomo kwa wanariadha, dekathloni ikiwemo, lakini bila ufaulu wa kidato cha nne na Kiingereza cha kueleweka hakuna kocha wa huko atakayejibu barua. Mazoezi yakimletea sifuri ya hesabu, umemharibia. Binafsi ningempa jioni nne kwa wiki, saa moja na robo kila jioni, na jua likishazama akasome. Na kama akifika miaka 19 mkaona 400 imeshuka chini ya 49 na mengine yamesimama, hapo achague. Atakuwa anachagua akiwa na mwili ulioiva pande zote, hiyo nayo si hasara.

Wenzako ofisini waambie hivi: kwa sasa kijana hajashika mawili, ameshika saba, na matatu hajawahi kupewa.

Ukikubali, fanya jambo moja wiki hii. Chukua daftari la kurasa mbili zinazotazamana, piga mistari kumi, andika michezo kwa mpangilio wa siku mbili kama nilivyoutaja. Jumamosi na Jumapili mpime yote isipokuwa upondo, viunzi hivyo hivyo vifupi vya bakora, kisahani hicho hicho cha kusimama. Pembeni andika upepo ulikuwa unatoka wapi na alikula nini asubuhi, maana mtoto aliyekunywa uji wa uwele na aliyekuja na njaa si mtu mmoja saa kumi jioni. Usimwambie pointi. Nitumie hizo kurasa, nami nitakurudishia zikiwa na hesabu. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, tutapima tena.